Gaston Planté, Mtu Aliyetuwekea Akiba ya Umeme

Zamani katika vijiji vyetu vya Singida, jua lilipozama, kila nyumba iliwasha kibatari au taa ya chemli. Siku hizi nyumba nyingi zina taa za umeme. Nyingine hupata umeme wa gridi, nyingine hupata umeme wa jua, na wenye uwezo wameweka inveta ili umeme ukikatika kazi isisimame. Lakini yafaa tufahamu kwamba inveta haina nguvu yake yenyewe. Kazi yake ni kuugeuza umeme wa betri, ulio wa volti 12 au 24, uwe kama ule wa ukutani ulio wa volti 230. Nguvu yote imo ndani ya betri. Betri ikifa, inveta ni sanduku tu.

Baba yangu mdogo ni mkulima wa alizeti huko Iramba. Aliuza magunia yake ya msimu mzima, akanunua betri moja, paneli ya sola na inveta ndogo, ili watoto wake wasome usiku. Betri ile haikumaliza mwaka. Watoto wakarudi kwenye kibatari, na sisi sote tukasema kwamba betri ilikuwa mbovu tangu dukani. Baadaye niliposoma habari za maisha ya Mfaransa mmoja aitwaye Gaston Planté, nikaona kuwa tulimsingizia muuza duka. Betri ile tuliiua wenyewe, kwa kutojua mambo ambayo Planté aliyaona zaidi ya miaka 150 iliyopita. Ndiyo sababu nataka kuwasimulia habari za mtu huyu.

Gaston Planté alizaliwa tarehe 22 Aprili 1834 katika mji mdogo wa Orthez, kusini-magharibi mwa Ufaransa, karibu na milima ya Pyrenees. Alikuwa na ndugu yake aitwaye Francis, ambaye alikuja kuwa mpiga kinanda mwenye sifa kubwa, akaishi hata mwaka 1934. Basi nyumba ile ilitoa watu wawili mashuhuri: mmoja wa muziki, mmoja wa sayansi. Gaston alisomea Paris, na mwaka 1854, akiwa kijana wa miaka 20, akapata kazi katika chuo cha ufundi kiitwacho Conservatoire des Arts et Métiers. Kazi yake ilikuwa kumtayarishia vyombo vya fizikia mwalimu Edmond Becquerel kabla ya kila somo.

Hapa pana jambo la ajabu ambalo mwenye sola nyumbani hapaswi kulisahau. Huyo Becquerel ndiye aliyegundua, mwaka 1839, akiwa na umri wa miaka 19 tu, kwamba mwanga ukiangukia vitu fulani huweza kuzaa umeme. Ugunduzi huo ndio mzizi wa paneli zote za sola. Na msaidizi wake ndiye aliyekuja kuvumbua betri ya kuhifadhi umeme huo. Mwalimu na msaidizi walikuwa katika chumba kimoja cha kazi, mmoja ameshika mwanzo wa paneli, mwingine mwanzo wa betri, wala hakuna aliyejua kwamba vitu hivyo viwili vitakuja kukutana juu ya mapaa ya nyumba za Afrika.

Planté alikuwa na jicho la kuona yale ambayo wengine huyapita. Mwaka 1855, karibu na Paris, alichimbua mfupa wa ndege mkubwa sana wa zama za kale, ndege asiyeruka, mwenye kimo cha kushindana na mbuni wetu. Wataalamu wakampa ndege huyo jina la Gastornis, yaani ndege wa Gaston, na jina hilo latumika hata leo. Mtu mwingine angalitosheka na sifa hiyo, akawa mtafuta mifupa maisha yake yote. Yeye akarudi kwenye umeme.

Ili tuifahamu kazi yake, yatupasa kujua hali ya umeme ilivyokuwa wakati ule. Mwaka 1800 Mwitaliani Alessandro Volta alikuwa ametangaza chombo chake cha kwanza cha kutoa umeme, kilichofanywa kwa vipande vya madini mawili vilivyopangwa kwa zamu na kutengwa kwa vipande vilivyoloweshwa katika maji ya chumvi. Betri za namna ile hutoa umeme kwa kuyala madini yake yenyewe. Zinki ikiisha kuliwa, betri imekwisha, kama vile betri ndogo za tochi tunazozitupa. Mjerumani Johann Ritter aliona mapema, yapata mwaka 1803, kwamba madini yaliyopitishiwa umeme huweza kuurudisha kidogo, lakini ulikuwa haba, nao ulikwisha upesi.

Watu wengi waliuona umeme huo wa kurudi kuwa ni udhia tu. Planté akajiuliza swali jingine: je, ni madini gani yaurudishayo kwa wingi na kwa muda mrefu kuliko yote? Hakukisia. Alijaribu shaba, fedha, bati, dhahabu, platinamu na mengineyo, moja baada ya jingine, akapima na kuandika. Mwisho akaona kuwa yaliyoshinda yote si dhahabu wala fedha, bali ni risasi, madini yale mazito, laini na ya bei nafuu, yakitiwa katika maji yaliyochanganywa na asidi ya salfuriki.

Hivyo mwaka 1859 akatengeneza betri yake. Alichukua mabamba mawili mapana ya risasi, akaweka kitambaa kigumu katikati yake yasigusane, akayaviringisha pamoja kama mtu anavyoviringisha mkeka, akayatumbukiza katika mtungi wa kioo wenye maji na asidi. Seli moja ilitoa yapata volti 2. Betri ya volti 12 tuliyo nayo leo ni seli sita za namna hiyo zilizofungwa pamoja katika sanduku moja. Mnamo Machi 1860 alipeleka betri ya seli tisa mbele ya Chuo cha Sayansi cha Ufaransa, na mabwana wakubwa wakaona kwa macho yao kwamba umeme waweza kuwekwa akiba na kutolewa tena.

Sasa natutazame mambo yanayotendeka ndani ya mtungi ule. Betri ikichajiwa, bamba moja huvaa oksidi ya risasi ya rangi ya kahawia, na jingine huwa risasi tupu iliyo kama sifongo. Betri ikitumika, asidi huingia katika mabamba yote mawili na kufanya kitu cheupe kiitwacho salfeti ya risasi, na maji huachwa nyuma. Ukichaji tena, salfeti huvunjika, na asidi hurudi katika maji yake. Ndiyo maana fundi akitia haidromita katika betri iliyojaa hupata kipimo cha karibu 1.27, na katika iliyofikia nusu hupata karibu 1.20. Anapima asidi iliyobaki majini.

Lakini salfeti ile ina tabia moja mbaya. Ikiachwa siku nyingi bila kuchajiwa, hugeuka kuwa chembe ngumu zisizokubali tena kuvunjika. Betri iliyoachwa tupu ni kama sufuria ya ugali iliyoachwa bila kuoshwa: jioni ile ukoko watoka kwa maji, baada ya wiki watafuta jiwe la kukwangulia. Hapo nikakumbuka nyumbani. Wakati wa mvua, jua lilipokuwa haba, watoto waliendelea kutazama televisheni mpaka inveta ilie na kuzima yenyewe, na betri ikakaa tupu siku tatu au nne. Tulifanya hivyo mara nyingi. Kila mara sehemu ya betri ilikufa, na sisi hatukuona.

Mwaka ule ule wa 1860 Planté alianza kufundisha fizikia katika Association Polytechnique, chama kilichowapa elimu watu wa kazi wa mji wa Paris. Pamoja na kufundisha, aliendelea na majaribio, na ndipo akagundua kanuni iliyo kubwa kuliko zote. Mabamba mapya ya risasi hayashiki umeme mwingi. Lakini ukiyachaji, ukayatumia, ukageuza njia ya umeme, ukayapumzisha, ukayachaji tena, uwezo wake huongezeka kidogo kidogo, kwa sababu tabaka linalofanya kazi huzidi kwenda ndani ya risasi. Kazi hiyo aliita kuyaunda mabamba. Haikuwa kazi ya siku moja; ilichukua wiki nyingi, hata miezi. Tena hakuwa na jenereta ya kuchajia. Alichaji kwa betri nyingine za zinki na asidi, zenye moshi wa kukera pua, ambazo zilimalizika na kuhitaji kutengenezwa upya.

Fikirini, ndugu zangu, mtu anayetengeneza chombo cha kuhifadhi umeme wakati ambapo ulimwengu hauna umeme wa kuhifadhi! Kwa miaka mingi betri yake ilikuwa kitu cha maabara. Hata hivyo hakuiacha. Alitengeneza kibiriti cha umeme cha kuwashia mshumaa, akakipa jina la Saturn, kwa maana wataalamu wa kale waliita risasi kwa jina la nyota hiyo. Aliunganisha seli nyingi pamoja, hata 800, akajifunza kwa cheche zake jinsi radi inavyotenda. Mwaka 1879 akayakusanya majaribio ya miaka 20 katika kitabu kimoja.

Wakati wake ukafika. Mashine za kuzalisha umeme zilikuwa zimeanza kuenea katika miaka ya 1870. Mfaransa mwingine, Camille Faure, akaona njia ya kufupisha kazi ya kuunda mabamba kwa kuyapaka oksidi ya risasi kama vile mtu anavyopaka udongo ukutani. Mwaka 1881 sanduku la betri za Faure lilisafirishwa kutoka Paris mpaka Glasgow, safari ya saa 72, likafika na umeme wake ndani. Mwaka huo huo taa za umeme wa betri ziliwashwa katika behewa la treni Uingereza. Mwaka 1899 gari la Camille Jenatzy lilipita mwendo wa kilometa 100 kwa saa, na nguvu yake yote ilikuwa ya betri za risasi.

Gaston Planté hakuliona gari hilo. Alifariki tarehe 21 Mei 1889 huko Bellevue, karibu na Paris, akiwa na umri wa miaka 55. Katika mali yake aliacha fedha za kuwatuza wavumbuzi wa mambo ya umeme, na tuzo hiyo ikaitwa kwa jina lake.

Basi, maisha yake yatufundisha nini sisi wa Singida tunaonunua betri kwa jasho?

Kwanza, tuchague kwa kupima kama yeye, si kwa kukisia. Betri ya gari ina mabamba mengi membamba, maana kazi yake ni kutoa nguvu kubwa kwa dakika chache ili kuwasha injini. Ukiitumia usiku kucha kwa taa na televisheni, mabamba hayo yaliyopakwa hubomoka upesi. Kwa inveta nunua betri yenye mabamba mazito, iliyotengenezwa kwa sola au inveta. Kisha piga hesabu. Taa 5 za wati 10 kwa saa 4 ni wati-saa 200. Televisheni ya wati 50 kwa saa 3 ni 150. Redio na simu tuseme 30. Jumla ni 380. Inveta nayo hula sehemu yake, hivyo weka 450. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini nusu tu ndiyo ya kutumia, yaani 600. Betri hiyo yatosha. Ya ampea-saa 50 haitoshi, hata bei yake ikivutia namna gani.

Pili, usiimalize akiba. Betri iliyopumzika kwa saa kadhaa ikionyesha volti 12.6 au 12.7, imejaa. Ikionyesha kama 12.1, imefika nusu, zima televisheni. Na betri uliyoitumia leo ichajiwe mpaka ijae mapema iwezekanavyo, isilale tupu. Wakati wa mawingu punguza matumizi, maana jua likipunguza mshahara, nasi tupunguze manunuzi.

Tatu, betri zenye vifuniko vya kufungua ziangaliwe maji kila mwezi. Maji yakipungua, ongeza baada ya kuchaji, mabamba yafunikwe. Tumia maji safi ya betri yanayouzwa kwa kazi hiyo, wala usiongeze asidi, maana asidi haikauki. Kinachopotea ni maji. Maji ya kisima hayafai. Sisi tunaoishi karibu na ziwa Singida na ziwa Kindai twajua vema jinsi maji yawezavyo kubeba chumvi, na chumvi ni adui wa mabamba. Betri zilizozibwa zisifunguliwe kamwe.

Nne, weka betri mahali penye hewa na pasipo joto, juu ya ubao, mbali na jiko na kibatari. Betri inapochajiwa hutoa hewa ya hidrojeni, nayo hulipuka kwa cheche moja. Joto likizidi nyuzi 25 kwa nyuzi 10 nyingine, umri wa betri hukaribia kupungua kwa nusu. Vichwa vya betri vikiota ungaunga, zima kila kitu, fungua nyaya, visugue kwa maji yaliyotiwa magadi, yasiingie ndani ya betri, kausha, kaza nyaya, kisha paka grisi. Wala usifunge betri mpya pamoja na kuukuu, maana kuukuu huivuta mpya kaburini.

Siku hizi ziko pia betri za lithiamu. Hazihitaji maji, huvumilia kutumiwa zaidi ya nusu, na hudumu zaidi. Bei yake ya kununulia ni kubwa, tena zataka chaja na inveta zinazopatana nazo. Mwenye uwezo na azipime pia kwa hesabu ile ile.

Tano, na hili ni la uhai wa watu: betri iliyokufa isivunjwe nyumbani, wala risasi yake isiyeyushwe. Risasi ni sumu, nayo hudhuru zaidi akili za watoto. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilitia sumu katika nyumba za watu mpaka kikafungwa mwaka 2014. Bi Phyllis Omido, aliyepigania haki ya wanakijiji, alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015. Betri ikifa, irudishwe kwa wanunuzi wenye kibali, ili risasi yake itengenezwe upya kwa njia salama.

Baba yangu mdogo amenunua betri nyingine baada ya misimu miwili ya alizeti. Safari hii amebandika ukutani karatasi yenye tarehe za kuangalia maji, na mtoto wake wa darasa la sita ndiye msoma kipimo cha volti kila jioni. Ikisoma 12.1, televisheni huzimwa, ijapokuwa mpira unachezwa, na taa ya kusomea huachwa.

Wazee wetu husema kwamba akiba haiozi. Planté angewajibu kwa adabu kuwa akiba ya umeme huoza isipotunzwa, naye alikuwa na haki ya kusema hivyo, maana aliitunza miaka 20 kabla ulimwengu haujajua kazi yake. Nasi tuliopewa betri iliyokwisha kuundwa tayari, haitupasi kushindwa kuiangalia mara moja kwa mwezi.